Wifi Dobi na Koti la Kabichi

Wifi yangu ni dobi, na ulimi wake una makali kuliko pasi yake. Kitu kikimtatiza, hali wala halali mpaka akijaribu. Aliwahi kuchemsha soksi nyeupe za kaka yake, yaani mume wangu, na maganda ya vitunguu, aone kama zitashika rangi. Zilishika. Mwenye soksi hajasahau.

Mimi nauza mboga, na shule moja ya bweni, mteja wangu mkubwa, ndiyo inayowaweka wanangu darasani. Siku moja mpishi wa pale alipitisha kidole kwenye kabichi, akaona weupe. "Mama, hii dawa ya wadudu. Watoto wa watu siwalishi sumu."

Basi kila jioni nikawa nazisugua kwa brashi na sabuni. Asubuhi zimelegea kama mashavu ya kibogoyo. Mpishi akanionya: zikija hivyo tena, anatafuta muuzaji mwingine.

Wifi akanikuta uani nasugua. "Makubwa! Siku hizi unafua kabichi? Utaninyang'anya kazi."

"Nenda zako. Natoa dawa."

Akachukua jani nisilolisugua, akalidondoshea maji. Yakaviringika kama shanga, yakaanguka. Kwenye jani nililosugua yakatandaa, yakang'ang'ania. Wifi akainama, akadondosha tena.

"Hiyo nta, si dawa. Jani limevaa koti la mvua, wewe unalivua."

"Kwenye kibanda changu kuna mvua gani?"

"Sijui. Lete mizani."

Tukapima majani mawili yenye uzito sawa, moja la kusuguliwa, moja la hivihivi. Akayabana kwenye kamba katikati ya shuka za wateja. Jioni lililosuguliwa lilikuwa limejikunja na kuwa jepesi. Mwenzake alipungua kidogo tu.

"Kumbe koti linazuia maji ya ndani pia yasitoke," akasema wifi. "Unazikausha mwenyewe, halafu unalia."

Kesho yake aliacha nguo za watu kwenye beseni, akanisindikiza shuleni na kabichi zisizosuguliwa. Mpishi akashika kiuno. "Sumu tena?"

Wifi akanyoosha kidole. Alikuwa ameona nyuma ya jiko, kwenye lundo la taka, kisiki cha kabichi kilichotupwa kikachipua majani. "Baba, hiki nani alikipulizia dawa?"

"Nani apulizie taka?"

"Basi kipanguse."

Akapangusa. Kidole kikatoka na weupe uleule. Akakitazama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, mama, shusha mzigo. Kuosha niachie mimi, wakati wa kupika."

Getini nikamshika wifi mkono. "Asante."

"Sijasikia."

"Asante, kiziwi wewe!"

"Rudia, kaka yangu hataamini."

Nikarudia, tena kwa sauti, hata mlinzi akageuka. Mtu aliyeacha riziki yake kwenye beseni ili yangu isimwagike, nitamnyimaje neno?