Kama Jiwe Hucheza

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini hapa Busia kupigwa picha ya goti. Tukiwa kwenye benchi, mama mmoja muuza samaki kutoka Budalang'i aliitwa ndani, akamwacha mumewe nasi. Mzee alitueleza bila kuulizwa. Miaka iliyopita mkewe aliugua saratani ya titi la kushoto, akatibiwa kwa mionzi, akapona. Siku hizi anahema akibeba ndoo tu, na daktari anahofia mionzi iligusa moyo, ndiyo maana leo anapigwa picha.

"Mimi nilidhani ni uvivu," alisema, akikunjakunja kofia yake.

Pazia la mlangoni halikuzuia sauti. "Dada, hiyo kitu inarukaruka kwa skrini ni nini?" mama alimuuliza mhudumu wa mashine.

"Ni moyo wako, mama."

Mama akaita: "Mzee! Kuja haraka!"

Mzee aliruka akaingia ndani, kofia ikaanguka. Shangazi, mwenye goti bovu, alisimama kabla yangu.

"Miaka yote unasema niko na moyo ya jiwe. Sasa angalia! Jiwe inaweza cheza hivyo?" mama alimwambia mumewe.

Benchi nzima ilicheka. Daktari naye alisema moyo umeanza kudhoofika kidogo, lakini wamewahi; atameza dawa na kuacha mizigo mizito.

Walitoka mzee akiwa amebeba mkoba wa mkewe, ule wa maua mekundu, akitembea mbiombio.

"Polepole, boss," mama alimwita. "Mgonjwa ni mimi."

Ndoa nyingi husuluhishwa na wazee. Hii ilitosheka na picha.