Mababa Mawili Makubwa

Kwa miaka ishirini Mansuri aliandika vibao vya maduka ya Kasulu, maandishi tu, bila picha hata moja ya kiumbe. Sasa alitakiwa achore. Mama Vestina, Mrundi wa kijiji cha Kumsenga, alikuwa amempigia simu: kanisa lao lilitaka malaika wa rangi ya mafuta kwenye ubao mpana.

"Avae shuka refu lenye mikunjo," alisema, mtandao ukikatakata. "Asimame mbele ya milima yetu. Na mababa mawili makubwa, meupe, yaonekane vizuri."

Mansuri, mzaliwa wa Ujiji anayejigamba kwa Kiswahili chake, alimsahihisha kimoyomoyo: wawili, wakubwa. Warundi na ngeli zao! Kuuliza si ujinga, lakini aliona haya. Wakristo wana mambo yao, akajisemea, na kila upande wa malaika akasimamisha mzee mmoja wa kanzu nyeupe.

Siku moja kabla ya Vestina kuja, jirani wa Mansuri, Ndihokubwayo, fundi baiskeli, alichungulia.

"Malaika gani huyu hana mabawa? Na hawa wazee?"

"Ndio mababa nilioagizwa."

Ndihokubwayo alicheka hadi akashika ukuta. "Mzee Mansuri, kwetu Warundi amababa ndiyo mabawa."

Mansuri aligeukia ubao. Picha yake ya kwanza ya kiumbe, na ndiyo ingemfanya kichekesho kuanzia sokoni hadi Kibondo. Akashika brashi, akavuta bawa jeupe juu ya kila mzee. Lakini rangi ya mafuta haijui haraka, tena mvua zile! Ya chini ilikuwa bado mbichi, ikachanganyika na ya juu, na nyuso mbili zikabaki zikimtazama katikati ya manyoya. Akipaka, zinaibuka. Siku hiyo hakula.

Vestina alipofika, alisimama mbele ya ubao. Mansuri hakuweza kungoja. Akaeleza yote, mababa na mabawa, akiomba radhi kila baada ya sentensi.

Vestina hakucheka.

"Nami nilikuwa na baba wawili. Mmoja alinizaa, akafia njiani tulipokimbia vita Burundi," alisema. "Mwingine hatukuwa hata ndugu. Alinibeba mgongoni hadi Nyabibuye, upande huu wa mpaka, akanilea. Sina picha ya hata mmoja."

"Ikikauka nitawafunika vizuri, mama. Hawataonekana."

"Hapana," alisema Vestina, akivuta kigoda akae. "Waache wakauke hivyo hivyo."