Maziwa ya Unga Niliyoyatia Kwenye Uji wa Futari

Leo nimemfuturisha jirani kwa unga wa misuli wa mwanangu. Msicheke.

Uji uko jikoni, maziwa ya unga yamekwisha. Nikaingia chumbani kwa Suleiman, nikaona kopo. Unga mweupe, unanukia vanila. Nikasema, kumbe huyu ananificha maziwa! Nikatia, tena sikutia kidogo. Bakuli moja nikampelekea Bi Rukia wa nyumba ya pili, kama kila Ramadhani.

Adhana ikaadhiniwa. Suleiman kaonja, kasita.

"Mama, umetia nini humu?"

"Maziwa yako uliyoyaficha."

"Si maziwa hayo! Ni unga wangu wa kujaza mwili!"

Nikawaka. Mtoto wa miaka kumi na sita! Nani kampa? Kina nini ndani hicho kikopo? Hata yeye hajui.

Akainamisha kichwa. "Kocha kasema mimi mwembamba, ntakaa benchi. Wenzangu wote wanakunywa."

Nikalichukua kopo nikalitupe. Mara hodi. Bi Rukia huyo, karudisha bakuli limejaa kaimati, maana hapa Mpendae bakuli la futari halirudi tupu.

Kaliona kopo mkononi mwangu.

"Shoga, ladha ile nliijua pale pale. Mwanangu nae anaukoroga unga huo kila siku. Nshamkataza, nshamlilia. Nlikuja nikuulize wewe unafanyaje na wako."

Mimi!

Kopo sikulitupa tena, nimeliweka mezani. Hebu nambieni, mtoto anaeogopa benchi kuliko anavyoniogopa mimi, nimwambie nini?