Papa Mikono-Nyuma na Bakwe wa Area 18

Mi sina ofisi. Nina ubao ninaouweka juu ya magoti, kalamu za wino mweusi, rula iliyovunjika ncha, na kizingiti cha mlango wangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, maana ndani ni giza. Na kwa kuwa nachora mlangoni, kila anayepita ni bosi wangu. "We, huyu mama umemupa shingo ndefu sana!" "Sasa huyu polisi iko anacheka nini?" Kuna asubuhi natamani kuwatupia ubao wenyewe. Lakini nisiseme uongo: bila hao wapita njia ningekuwa nimeacha kazi hii zamani. Nawashukuru wote, hata wale wenye midomo mirefu.

Ninachochora ni hadithi za picha, zile sisi watu wa Bukavu, Kongo, tunaita bede. Nikimaliza toleo nalipeleka Lilongwe kupiga fotokopi, nakunja karatasi, nazipiga pini, na Jumapili nasimama nje ya kanisa letu la Kiswahili kule Mchesi, mtaa wa huko huko mjini, nikingoja ibada iishe. Zinazobaki nauza sokoni kambini. Bede moja inasomwa na nyumba nzima, kisha na jirani, kisha na shemeji ya jirani. Saluni wanaisoma, kwa fundi wa baiskeli wanaisoma. Mpaka Wamalawi wasiojua Kiswahili wanafungua, wanacheka na picha, wananiambia zikomo, yaani asante, halafu wananirudishia bila kununua. Haya, na hao pia nawashukuru.

Mtu ambaye wasomaji walimpenda kuliko wote ndani ya bede zangu ni Papa Mikono-Nyuma; papa kwetu ni baba. Ni mzee mwenye kofia, ameinama kidogo, anatembea mikono iko nyuma kama mkaguzi wa shule. Kazi yake ni kupita kwa majirani kusalimia. "Mama, habari ya batoto?" Akishaondoka, kipande cha nyama kimepungua kwenye chungu, na njo maana mikono iko nyuma. Kila toleo anaiba, kila toleo anaponea chupuchupu. Wasomaji walimshika moyoni kabisa. Akina mama walikuwa wananisimamisha njiani kunipa anwani za kuibia: "Umutume kwa jirani yangu, ule anapikaka kuku na hatuonjeshake!" Nilicheka, na mara nyingi nilimtuma kweli.

Sasa sikia balaa. Upande mwingine wa kambi kuna fundi cherehani, mzee wa Fizi, mjane, mtu wa kwaya. Anavaa kofia. Mgongo umepinda kwa miaka ya kuinamia mashine. Na akitembea, Mungu wangu, anatembea mikono nyuma! Mimi nilikuwa simjui. Dzaleka ni kubwa, na nguo zangu nashonesha hapa hapa jirani. Lakini nani atanisadiki? Watoto walishampa jina. Akitokea tu kwenye kona: "Papa Mikono-Nyuma! Mufiche nyama!" Mwanzoni hakujali. Aliwatisha na mkasi, wakakimbia wakicheka, na kesho yake wakarudi.

Mzee huyo ana binti mmoja, hana mtoto mwingine. Binti akapata mchumba, kijana wa familia ya Bukavu wanaokaa Lilongwe, Area 18, watu waliosoma, nyumba yenye geti. Wale vijana wawili walipendana, kila mtu aliliona hilo. Familia ya kijana ikaja kambini mara ya kwanza kupiga hodi, kama desturi inavyotaka, na kati yao alikuwemo shangazi yake kijana, mama anayeuza vitenge Mchesi. Na shangazi huyo, kwa bahati yangu mbaya, ni msomaji wangu! Hakosi toleo hata moja. Basi wamekaa, wamepewa fanta, wanangoja baba wa msichana atoke ndani. Mzee akatoka: kofia, mgongo, mikono nyuma. Shangazi akapiga yowe.

"Yesu! Njo huyu!"

Fanta zikanywewa haraka haraka, wageni wakaenda. Baada ya siku chache ujumbe ukaja kwa simu kwamba bakwe, yaani hao wakwe watarajiwa, wanaomba muda wa kufikiri. Shangazi alikuwa amewaambia wenzake kwamba mtu hachorwi bure. Mchoraji ni wa kambi ile ile, anawajua watu wake. Lisemwalo lipo, akasema, na kama halipo laja. Hawawezi kwenda kutoa mahari, au dote kama tunavyoiita, kwenye nyumba ya mwizi wa nyama.

Mzee akaja kwangu na binti yake. Nilikuwa mlangoni nachora. Nikawapa kigoda, wakakikataa.

"Ni weye unachoraka?"

"Ni miye, papa."

"Uniangalie muzuri. Mi nilikuibia nini?"

Binti alikuwa amevimba macho. Alikuwa anasokota tu ncha ya kitenge chake. Nikaanza kujieleza mbio mbio: kwamba simjui mzee, kwamba ni sadfa tu, kwamba toleo lijalo namuua Papa Mikono-Nyuma, apigwe na radi, tumalize maneno. Nilisema hata naweza kumpeleka kanisani akatubu.

"Ukimuua, bantu batasema nimekufa na haya," mzee akajibu. "Ukimutubisha, batasema kumbe aliibaka kweli. Usimuguse. Mi nataka kitu moja tu. Bakwe bakikuya tena, ukuye useme mbele yabo ni nani ulichora. Kama haiko miye, basi iko muntu mwengine. Umutaje."

Hapo njo nilikwama. Maana jibu nilikuwa nalo, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Papa Mikono-Nyuma ni baba yangu mzazi.

Baba alifariki Bukavu mimi nikiwa tayari huku Malawi. Sikumzika. Na kwetu marehemu hatajwi kwa ubaya mbele ya wageni, sembuse mwanawe mwenyewe kusimama mbele ya watu wa Area 18 na kutangaza kwamba baba yake alikuwa akiiba nyama. Watasema huyu mtoto amelaaniwa. Lakini nikinyamaza, ndoa ya yule binti inavunjika kwa kalamu yangu. Nikamwambia mzee nitakuja. Wiki ile yote nilikuwa mkali kama pilipili, nikawafokea wapita njia mpaka mmoja akaniuliza kama nimekosa usingizi.

Bakwe walirudi Jumamosi mchana. Walikubali kuja kusikiliza tu, walisema, si kuposa. Kanisa lilitoa viti, vikapangwa uwanjani kwa mzee. Upande huu wakakaa watu wa msichana, upande ule bakwe, na katikati ya uwanja, peke yangu, wakaniweka mimi na kiti changu kama mshitakiwa. Nje ya uzio wa majani walijaa wasomaji wangu. Sijui nani aliwaambia. Akina mama wa sokoni, vijana wa kabaza, wale wabeba abiria, waliosimamisha baiskeli zao, dada mmoja kutoka saluni ambaye nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, watoto mabegani. Wengine walinipungia mkono, nami sikuwa na nguvu ya kupunga.

Msemaji wa bakwe, mzee mpole wa miwani, akaanza taratibu kwa salamu na sala. Shangazi hakumngoja. Akafungua mkoba, akatoa bede.

"Mwanangu, mi nakupendaka sana. Hii kitu inanichekeshaka mpaka mbavu zinaniuma, batu ya nyumba banajua. Lakini leo utuambie ukweli. Huyu ni nani?"

"Ni baba yangu," nikasema.

Nilimwona msemaji akivua miwani na kuivaa tena. Sasa nilikuwa nimeshajitosa, nikaona bora niseme yote.

Nikawaambia kwamba nyumbani kwetu nyama ilipikwa mara moja moja, Jumapili. Baba angeingia jikoni kumsalimia mama, kumsifu kwa harufu ya mchuzi, kisha angetoka mikono nyuma, kofia kichwani, akatupita sisi watoto bila hata kututazama, akaenda zake nyuma ya nyumba. Sisi tunamfuata mbio. Kule alikuwa anakigawa kile kipande kwa vidole, uzi kwa uzi, kila mtoto na wake, yeye anabaki kulamba vidole tu. "Mupanguse midomo," anatuambia, "mama yenu asijue." Na mama alijua! Alikuja kuniambia baadaye, nimeshakuwa mkubwa: kila akipika alikuwa anaongeza kipande kimoja kwa ajili ya mwizi.

"Njo ule," nikasema. "Simuchorake ju ya kumutukana. Tulikimbia bila picha yake hata moja. Nikimuchora anaiba, ninamuona anatembea."

Nikatazama chini. Nilijua nimemwanika baba yangu mbele za watu, na nikamwomba msamaha kimoyomoyo pale pale kitini. Kule nje ya uzio nikasikia mama mmoja akisema, "Yoo, masikini," na mwingine akipenga kamasi. Nimekaa miaka nachora nikidhani nawafahamu wasomaji wangu. Siku ile nilijua kwamba wao walikuwa wameshamfahamu baba yangu, wote, na walikuwa wanampenda. Sijui nitawashukuruje kwa hilo mpaka nakufa.

Shangazi alibaki ameishika bede mkononi. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akasimama, mama mzima na heshima zake, akamgeukia fundi.

"Papa, utusamehe. Macho yetu njo ilituponza."

Fundi akainamisha kichwa. Binti, aliyekuwa amekaa kati ya mama wawili wa kwaya, akafunika uso kwa mikono miwili. Msemaji akakohoa, akanong'ona na watu wake, kisha akasimama na kutangaza kwamba upande wao hauna neno tena, na kwamba sasa hawasikilizi tu. Wanaomba mke. Weee! Vigelegele vilitoka nje ya uzio kabla ya ndani, na vijana wa kabaza wakapiga kengele za baiskeli mpaka mchungaji akawatolea macho.

Nikadhani kazi yangu imekwisha. Nikawa natafuta njia ya kuponyoka na kwenda kulala. Lakini msemaji alikuwa bado amesimama. Desturi yetu, akasema, ni kwamba kabla ya dote kuzungumzwa, kaka wa msichana aulizwe kama anakubali dada yake aondoke. Kaka ni nani hapa?

Kila mtu kambini anajua mzee hana mtoto wa kiume. Ikiwa hivyo, mtu huazima jirani, au shemasi wa kanisa, ni jambo la kawaida. Mashemasi wawili walishaanza kujiweka sawa kwenye viti vyao. Mzee akasimama, akaweka mikono nyuma, akazunguka kidogo mbele ya kiti chake.

"Bantu ya Dzaleka banasema nafanana na papa ya huyu muchoraji," akaanza. "Batoto banasema, bamama banasema, hata nyinyi ya Area 18 mulikuya mukasema. Nilikataa, nilikataa, nilikasirika. Leo nimechoka kukataa." Akanielekezea kidole. "Kaka ya binti yangu njo ule pale. Weye, mutoto. Leta kiti yako huku."

Neno papa mi nalisema siku nzima. Namwita papa muuza mkaa, namwita papa mzee wa foleni ya maji, namwita papa kila mwenye mvi. Ni heshima, halina uzito mdomoni. Nikainua kiti changu, nikavuka uwanja. Mama wa kwaya wakasogea, binti akanishika mkono wa shati akanivuta nikae karibu yake.

"Ndiyo, papa," nikamwambia mzee. Tangu Bukavu sikuwa nimelisema neno hilo kwa mtu aliye baba kwangu kweli.

Msemaji wa bakwe akauliza kama kaka anakubali. Ikabidi wangoje kidogo, maana kaka alikuwa analia.