Namba ya Baba Mdogo

Mwaka jana ungemuuliza Mama Pacha anaogopa nini duniani, angekujibu mende. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Damu haikumtisha, usaha haukumtisha, na wagonjwa waliotukana wakizinduka kutoka usingizi wa dawa aliwajibu palepale, neno kwa neno, huku akiwafunika shuka. Siku hizi alikuwa anaogopa kioo kilichotundikwa ukutani, juu ya meza ya wauguzi.

Wauguzi walikibatiza Ramli. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta iliyolishwa mafaili ya wagonjwa wa miaka mingi, waliopona na waliokufa, ikajifunza yenyewe dalili zipi hutangulia nini. Kila kipimo kilichochukuliwa wodini, kiwe presha, joto au mapigo ya moyo, kiliruka chenyewe mpaka huko. Kisha pembeni ya namba ya kitanda ikatokea namba nyingine, kati ya sifuri na mia: hatari aliyonayo mwenye kitanda hicho. Kijani, njano, nyekundu. Ikiwa nyekundu, kengele hulia na madaktari huja mbio. Tena uongozi ukaweka sheria kwamba mwenye nyekundu haingii chumba cha upasuaji mpaka namba ishuke, ili watu wasifie mezani. Siku sheria hiyo ilipotangazwa, Mama Pacha alipiga makofi pamoja na wenzake.

Asubuhi moja wakamleta Baba Mdogo.

Huyu alikuwa mdogo wake marehemu baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyemlea. Sare yake ya kwanza ya shule aliishona yeye, akaacha upindo mkubwa kiasi kwamba binti aliivaa mpaka akamaliza. Sasa alilala chali, tumbo limevimba, utumbo umeziba. Angepasuliwa mchana huohuo. Akicheleweshwa, utumbo ungetoboka, na hapo hakuna muuguzi asiyejua kinachofuata.

"Hiyo sare nani kakushonea?" aliuliza Baba Mdogo, akiuma meno kwa maumivu. "Mabega yamekaa kama yametundikwa kwenye hanga."

"Tulia, Baba. Lete mkono."

Presha nzuri. Joto zuri. Mapigo ya kawaida kwa mtu mwenye maumivu. Akageuka kuangalia ukutani: thelathini, kijani. Akashusha pumzi. Lakini moyo haukutulia, akarudi kumpima tena. Presha ileile, joto lilelile. Namba: thelathini na nane.

Mbona imepanda?

Akapima tena. Akabadilisha mkono, akapima. Vipimo havikusogea hata kidogo, ila namba ilipanda, ikawa njano. Alijiambia kwamba Ramli inaona kitu asichokiona yeye, kitu kinachooza ndani kimyakimya, chini ya ngozi ile aliyokuwa ameishika. Na kadiri alivyoogopa, ndivyo alivyopima.

"Mama Pacha, utamchubua mzee wa watu," muuguzi mwenzake alimtania akipita na dripu.

"Mwambie!" Baba Mdogo alidakia. "Mimi mteja wa suti sijawahi kumpima hivi. Ukimpima mara zote hizi anajua umesahau vipimo vyake, anaondoka na kitambaa chake."

Mwenzake alicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anafunga tena kile kitambaa cha presha, mpaka Baba Mdogo akaacha mzaha na kumtazama usoni.

"Mwanangu, kwani hiyo mashine inasemaje?"

"Haisemi kitu, Baba."

Kabla hajamaliza uongo huo, kengele ikalia.

Daktari wa upasuaji alifika akihema, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akatazama ukutani. Sabini na sita, nyekundu. Uso ukamsawijika.

"Siwezi kumwingiza. Sheria unaijua."

"Daktari, mshike tumbo kwanza. Nakuomba."

Daktari akaliminya taratibu, akamtazama mgonjwa macho, akamwekea kidole shingoni. Kisha akafungua vipimo vya asubuhi hiyo kwenye kompyuta ya mezani, akavishusha, akavishusha tena, havikwisha.

"Nani aliagiza apimwe hivi?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nilikuwa naogopa," Mama Pacha alisema. "Ni baba yangu."

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Zamani, kabla ya hiki kioo, nani tulikuwa tunampima kila saa?"

"Aliyetutisha."

"Na wengi wao waliishia wapi?"

"Mochwari."

"Hayo ndiyo mafaili iliyoyasoma Ramli. Imejifunza kwamba anayepimwa mara kwa mara ni wa kufa. Tumbo la baba yako hailioni, inaona mikono yako; usipompima, hilo nalo inalihesabu." Akainuka. "Nakwenda kugombana na wakubwa, lakini watabishana mpaka jioni. Wewe usimguse. Tuone itakavyofanya."

Mama Pacha hakuwahi kupewa kazi ngumu kama ile. Alikaa kando ya kitanda, mikono ameibana chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kitu. Jasho lilimtoka Baba Mdogo kwenye paji la uso. Hakulifuta, kwa kuogopa kwamba akimgusa atashindwa kujizuia. Na je, kama daktari amekosea? Je, kama utumbo unatoboka sasa hivi, na yeye, muuguzi, amekaa anautazama ukuta?

Namba ikaanza kushuka. Sabini. Sitini na mbili. Baba Mdogo alikuwa anaguna zaidi kuliko asubuhi, tumbo limekaza kama ngoma, na namba inashuka. Ilipogeuka njano, daktari alirudi anakimbia, wakamsukuma mzee kuelekea chumba cha upasuaji.

"Nikitoka," Baba Mdogo alisema wakikata kona, "hayo mabega nitayarekebisha."

Mlango ukafungwa. Mama Pacha akarudi wodini na kuutazama ukuta. Kijani mtupu, kuanzia juu mpaka chini. Wodi ilikuwa imetulia. Ndipo woga mpya ukamshika, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Hatari ya kitanda cha pembeni ilikuwa sita. Hapo alilala mtu aliyeokotwa barabarani baada ya ajali, hana ndugu, hana simu, hasemi; walimwita Mzee Kimya. Lini alipimwa mara ya mwisho? Hakukumbuka. Asubuhi yote aliipita miguu ya mzee huyo akikimbilia kwa Baba Mdogo.

Alipomshika mkono, ulikuwa wa baridi na umelowa. Mapigo yalikwenda mbio, membamba kama uzi. Akapiga kelele, lakini mwenzake alikuwa chumba cha mbali na dripu zake, madaktari wako kwenye upasuaji. Akafunga kitambaa, akapima. Arobaini, bado kijani. Akapima tena. Akapima tena, analia, anabonyeza, anaipigia kelele Ramli, "Muone na huyu! Muone!", njano, tena, tena, mpaka kengele ikalia na watu wakaja mbio.

Mzee Kimya alikuwa anavuja damu ndani. Walimwahi.

Jioni walimrudisha Baba Mdogo, amelala, mdomo wazi, anapumua. Utumbo wake ulikuwa haujatoboka. Ukutani alisoma kumi na nne, kijani.

Mama Pacha aliitazama rangi ile. Kisha akachukua mashine ya presha, akaanza na kitanda cha kwanza mlangoni, akafuata cha pili.

"Mimi si mzima, sista?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha tatu. "Namba yangu kijani."

"Najua," alisema Mama Pacha. "Lete mkono."