Hovakrafti ya Trei ya Nyama

Juzi niliona hovakrafti ya waokoaji, chombo kinachoelea juu ya hewa, ikinguruma juu ya barafu, nikakumbuka ile niliyoiunda utotoni ughaibuni, mtaani Bredäng, kwa trei nyepesi ya kufungia nyama ya dukani na mota ya feni kuukuu. Darasa zima lilinuka gundi hovakrafti yangu ilipoelea sakafuni. Mwalimu akamgeukia baba, aliyekuja kutazama, akamwambia kwa Kiswidi, "Hii umeitengeneza wewe. Mtoto huyu hawezi."

Baba akatabasamu, akamshukuru. Nilimwona msaliti kwa kutonitetea, nikatembea mbele yake njia nzima hadi nyumbani.

Nilishakuwa mtu mzima aliponiambia, "Mwanangu, siku ile mwalimu alivyokusifu, nilifurahi sana."

Kumbe hakuwa ameelewa hata neno moja la Kiswidi kile. Ukweli sikumwambia baba, na mwalimu yule sijamsamehe hadi leo.