Kiatu Kimoja Rafuni

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha. Nakaa kwenye kibanda cha mabati pale gati la umma, watu wanapoteremkia mtoni, nakodisha tyubu za matairi kwa wanaopenda kuelea. Bosi wa gati si mimi. Ni Mama Kandambili, na kama hajawahi kukugombeza basi hujafika kwetu.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Anayeingia mtoni, awe anaelea, anapiga kasia au anavua, lazima avae jaketi la kuokoa maisha na aache kiatu kimoja kwenye rafu ya mbao juu ya ngazi. Kimoja tu. Ukiacha vyote viwili unaweza kujisahau ukaenda zako peku, lakini ukibaki na kimoja, mguu wenyewe utakusuta. Alianza mtindo huo mwaka alioajiriwa, baada ya kijana mmoja kuingia majini mchana asirudi, na sisi tukafunga geti tukaenda kulala. Asubuhi mkewe akaja kutuuliza mumewe yuko wapi. Tangu hapo Mama Kandambili hafungi geti kabla rafu haijawa tupu, na ukimletea ubishi anakutazama tu mpaka unavua.

Mtu pekee aliyemshinda ni baba yake mzazi. Mzee anaishi kwa huyu bintiye, nyumba ya pili kutoka getini, na kila siku lazima aje kumchokoza. "Mwanangu, nilikusomesha uje kuchunga ndala za watu?" Jaketi ndilo hataki hata kulisikia, anasema alivua mto huu kabla wenye majaketi hawajazaliwa. Jioni bintiye huzunguka jikoni akifanya mazoezi ya somo analowapa wanafunzi wake wa kuelea: ukianguka lala chali, miguu mbele, usisimame kwenye mkondo, usishindane na maji. Mzee humwigiza akiwa kitini, miguu juu, wajukuu wakicheka hadi kukosa pumzi.

Siku ninayoisema, mvua ilinyesha huko mto unakotoka, na baada ya mchana maji yakabadilika. Yakawa ya kahawia, yakaanza kubeba matawi. Mama Kandambili akapuliza filimbi kuwatoa watu wote. Wakatoka wakilalamika, wakagombania viatu vyao, wakaondoka. Majaketi nayo yakarudi kwenye misumari, hakuna hata msumari mmoja uliobaki wazi. Nikashusha pumzi, nikaanza kukusanya tyubu.

"Fundi," akaniita. "Hii ya nani?"

Alikuwa ameshika ndala ya bluu. "Mlevi gani huyu kaondoka na mguu mmoja?" akasema, huku akicheka kidogo.

Mimi sikucheka. Ukanda wa ndala ile ulikuwa mpira mweusi wa tyubu, umeshonwa kwa waya. Asubuhi hiyo Mzee alikatikiwa na kiatu mbele ya kibanda changu, nikampa ndala zangu kuukuu na kuzishonea ukanda palepale. Niliichukua, nikaigeuza nikiomba niwe nimekosea, nikauona mshono wangu.

"Dada," nikasema, "hiyo ni ya Mzee."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Kisha akageuza shingo polepole kutazama misumari. Majaketi yote yalikuwepo. Tukaenda mbio hadi kwenye matete ambako Mzee huficha mtumbwi wake mdogo. Haukuwepo. Atakuwa alipita wakati bintiye anawafundisha wanafunzi kuelea, nami nimeinamia pancha zangu kama mjinga.

"Washa injini ya boti," akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Watu hawaamini, lakini mimi sijui kuogelea. Miaka yote hiyo maji nayajua kwenye beseni la kutafutia pancha. Nilivaa jaketi nikalifunga mpaka likanibana mbavu, nikakaa mbele ya boti, yeye akashika usukani. Mto ulitubeba kama takataka. Magogo yalikuwa yanapita pembeni yetu, na kila gogo niliona ni mtu.

Chini ya daraja tuliukuta mtumbwi. Ulikuwa umepinduka, umebanwa na maji kwenye nguzo. Mama Kandambili akazima injini ili asikilize, boti ikaanza kuzunguka kuelekea nguzo zile.

"Baba!" akaita. "Baba!"

Nilimsihi awashe injini. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Alipoiwasha tukapita daraja, na baada ya kona niliiona ndala. Ya bluu, imesimama wima juu ya maji, karibu na mti ulioanguka. Nikajua imekwisha, maana kiatu kitupu hakina habari njema. Halafu vidole vikacheza.

Mzee alikuwa amelala chali, miguu mbele, nyayo zimegota kwenye shina la mti ule, uso na ncha za miguu tu zikiwa juu ya maji. Tulimvuta kwa shati. Alikuwa wa baridi, midomo haina rangi. Bintiye akavua jaketi lake, akamvalisha yeye. Tukaanza kupanda kurudi, injini ikilalamika, na Mzee akaanza kufumba macho.

"Baba, ukianguka?" akamuuliza kwa ukali.

"Lala chali."

"Miguu?"

Kope zikaanguka.

"Baba! Miguu?"

"Mbele," akasema Mzee. "Unanipigia kelele, mama."

"Jaketi ulikataa. Kiatu kwa nini uliacha?"

Mzee akajikaza kufumbua macho. "Nilikuwa nakutania tu. Nilitaka jioni ukikute, uhangaike kidogo kumtafuta mwenyewe."

Bintiye alirudi kumuuliza maswali yale yale, tena na tena, mpaka gati likaonekana.

Tulimpandisha ngazi tukiwa tumemshika huku na huku. Juu kabisa, Mama Kandambili akapiga magoti amvalishe ile ndala ya pili niliyokuwa nimeiangusha pale, akashindwa kuingiza kidole kwenye ukanda. Nikainama nimsaidie. Hapo ndipo nikaiona miguu ya Mama Kandambili, nikaitazama na yangu.

Tulikuwa na viatu vyote. Mimi viwili, yeye viwili. Naye akaona ninachokiona, tukageuka pamoja kutazama rafu. Ilikuwa tupu, geti liko wazi, na ukingoni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba tulikuwa tumeingia mtoni.